Direkteri wa Stade Isiyojengwa

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, tulikuwa na direkteri wa stade, uwanja wa mpira wenye majukwaa, ila stade yenyewe hatukuwa nayo. Mgeni akishuka kwenye mtumbwi wa mota na kuuliza njia, watu walimwambia apite kwa Direkteri kisha akate kuume, na mgeni alidhani atakuta ofisi, bendera na sekretari. Alichokuta ni kiwanja cha udongo mwekundu, magoli mawili ya miti ya mkaratusi, na mwanaume mwembamba mwenye filimbi shingoni akifukuza mbuzi.

Mimi nilikuwa jirani yake. Charahani yangu iko barazani, inatazamana na moja ya korna za kiwanja, kwa hiyo miaka yote hiyo nilimwona zaidi kuliko bibi yake wa ndoa alivyomwona. Watu wanafikiri mshonaji anaangalia kitambaa. Mshonaji anaangalia barabara. Kitambaa mikono inakijua yenyewe.

Cheo chake kilianza kama dhihaka. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, hakuwahi kuongoza shule wala kitu kingine. Lakini siku depite, mbunge wa wakati huo, alipokuja kutia jiwe la msingi, aliuliza kwenye kipaza sauti ni nani atakayelilinda jiwe lile mpaka mafundi wafike. Yeye peke yake akainua mkono. "Basi wewe ndiwe direkteri wa stade!" mheshimiwa akasema, watu wakacheka, muziki ukapigwa, soda zikagawanywa. Mheshimiwa alisema pia kwamba itakuwa stade ya kimataifa, kwamba timu za taifa za nchi za ng'ambo ya ziwa zitavuka kuja kucheza Baraka. Sisi tulisahau kabla ya soda kuisha. Yeye hakusahau, na shida ilianzia hapo.

Maana kiwanja kile hakikuwa cha serikali. Kilikuwa shamba lao la mihogo, yeye na bibi yake. Wakubwa walitafuta mahali tambarare, naye akawatolea. Bibi yake anauza samaki wadogo wa ndakala sokoni, mwanamke ambaye akikohoa soko zima linageuka. Alirudi jioni akakuta mihogo imeng'olewa ingali michanga.

"Baba, tutakula stade?" akamwuliza. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Stade ikijengwa utauzisha ndakala kwa mulango. Bantu ya inchi mingi batakuya. Utakosa ata fasi ya kuweka faranga."

"Na kama haijengwe?"

"Jiwe iko pale. Muntu anaweza kuweka jiwe bure?"

Anaweza. Depite wa kwanza alishindwa uchaguzi. Aliyemfuata alikuja na jiwe lake mwenyewe, kwa sababu kwetu hakuna mwanasiasa anayejenga juu ya jiwe la mpinzani. Ni sawa na kuvaa suruali ya mume wa kwanza wa bibi yako. Wa tatu akafanya vivyo hivyo, na wa nne akaleta jiwe kubwa kuliko yote, la saruji, lenye maandishi. Kila mara kulikuwa na utepe, mkasi na wimbo wa watoto wa shule. Utepe nilishona mimi, na sitadanganya, nilipenda sana misimu ya uchaguzi. Wakishaondoka, Direkteri aliyapaka mawe chokaa, na mwishowe aliwakusanya wachezaji wakayasukuma kwa nondo, akayaweka kwenye korna nne za uwanja.

"Sasa iko na kazi," alisema, na hakuwa anatania.

Kutania hakukuwa kazi yake kabisa. Yeye alikuwa na neno moja tu, na kila mtu Baraka alilijua: "Hapa stade inaenea," yaani mahali hapa panaitosha. Popote alipopita aliipima ardhi kwa macho, kidole kimenyooshwa, mdomo ukitembea bila sauti. Safari moja bibi yake alishikwa na homa kali, wakabanana kwenye moto, pikipiki ya abiria, kwenda hospitali ya Nundu, na huko njiani Direkteri akamwambia dereva asimame. Dereva alidhani mgonjwa amezidiwa. Kumbe bwana ameona uwanda kando ya barabara. "Angalia, hapa stade inaenea, na fasi ya magari." Bibi yake aliyasimulia hayo sokoni homa ikiwa haijamwisha sawasawa, akacheka mpaka akaketi chini kati ya sahani zake za samaki.

Kuna siku nyingine sikucheka. Ilikuwa wakati kambi ya Lusenda ilipofunguliwa, Warundi wakimiminika na magodoro vichwani. Walimu wenzake waliokwenda kuona walirudi wakisimulia njaa na watoto waliopotezana na mama zao. Yeye alirudi akiisikitikia ardhi, jinsi ilivyokuwa sawa, bila kilima wala shimo, na sasa imejaa bashe, turubai za mahema.

"Jirani, bantu banateseka, we unaona mupira?" nikamwambia kwa hasira.

"Bantu batarudi kwabo," akajibu bila haya. "Ile fasi njo itabaki."

Nilikaa wiki nzima simpi salamu. Hakugundua.

Na mpira wenyewe hakuujua kuucheza. Miguu yake ilikuwa ya mwalimu, ya kusimama mbele ya ubao. Siku moja vijana walimpa heshima ya kuupiga wa kwanza kufungua mashindano, akaukosa, kiatu kikaruka kikaangukia kwenye karai langu la ukwaju barazani. Hakuona aibu. Alikuja kukichukua, akakipangusa, akasema kazi ya direkteri ni uwanja, kupiga ni kazi ya wengine. Na uwanja aliulinda kwa wivu ambao hakuwa nao hata juu ya bibi yake. Baiskeli ilikuwa marufuku kukata katikati. Mbuzi wa shemeji yake walifungwa kamba mpaka shemeji akaja kuomba radhi mbele ya watu. Mchungaji mmoja aliomba kiwanja kwa mkutano wa injili, watu wa kuponywa, kwaya, kila kitu. Direkteri alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mungu iko fasi yote, Pasta," akamwambia. "Uwanja iko hapa tu."

Lakini mtu huyohuyo, bahili wa uwanja, nyumba yake hakuifunga kwa mtu. Wakati njia ya Minembwe ilipokuwa inapitika, vijana wa huko juu waliteremka kila kiangazi kucheza na timu ya wavuvi wetu. Walitembea kwa miguu, viatu vya mpira vimefungwa shingoni, vidumu vya maziwa ya kuganda mgongoni. Wote walilala kwa Direkteri. Watoto wake walikuja kulala kwangu, yeye na bibi yake wakatandika mkeka uani. Kapteni wao alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kusema taratibu. Alimwita Direkteri "muzee wangu", na kila alipofika kitu cha kwanza ilikuwa kuzunguka uwanja na kugusa mawe manne moja baada ya jingine, kumfurahisha tu mwenyeji wake.

Mwaka mmoja watu wa milimani walitufunga. Wavuvi wetu hawakuzoea, na mashabiki wao ndio kabisa. Maneno yalianza, yale maneno ya nani ametoka wapi, ambayo kwetu yakishaanza hayana breki. Vijana wakainama kutafuta cha kurusha. Direkteri akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mawe ya hapa yote iko ya musingi!" akapiga kelele. "Hakuna ya kutupa!"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na ugomvi ukakosa pa kukaa. Jioni wote walikula bugali na ndakala kwenye ua wake, na maziwa yakapita mkono kwa mkono. Sitaki mtu adhani kwamba tulikuwa tunapendana siku zote. Tulikuwa tunachezana, na hiyo ilitutosha.

Kisha milima ikaanza kuwaka. Vijiji vya hawa vikachomwa, ng'ombe wa wale wakachukuliwa, halafu vya wale, halafu vya hawa, mpaka ukimwuliza mtu nani alianza anakuonyesha kaburi tofauti na la mwenzake. Njia ya Minembwe ikafungwa. Kapteni hakushuka tena na hatujui kilichompata. Kila kiangazi Direkteri alifagia chumba cha wageni, akaanika mikeka, akairudisha. Bibi yake hakumsema kwa hilo, yeye ambaye alikuwa na la kusema juu ya kila jambo.

Wakati huo mawe yalikuwa yamesimama miaka mingi na mimea imeota pembeni. Mihogo walinunua sokoni kama watu wasio na ardhi. Bado Direkteri alikuwa anafagia uwanja kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na bado alikuwa anasema serikali iko mbali tu, haijafa.

Waliokuja wakawa wakimbizi wetu wenyewe. Waliingia na mvua, watu wa vijiji vya juu na vya mabondeni, sauti za masasi ya bunduki zikiwafuata kwa nyuma. Makanisa yalijaa, shule ikajaa, naye akakosa hata darasa la kufundishia. Asubuhi moja niliinua macho kutoka kwenye charahani nikaona familia moja imeketi juu ya mstari wa goli. Bibi mzee, binti yake, mjukuu wa kike amelala juu ya furushi. Nyuma yao wengine walikuwa wanaingia kidogo kidogo.

Direkteri alitoka mbio, shati halijafungwa vifungo. Alipuliza filimbi. Watu wote wakageuka kumtazama na hakuna aliyeinuka. Akapuliza tena.

"Piga tu, baba," yule bibi mzee akamwambia bila ukali. "Kadi nyekundu tulishapata kule kwetu."

Niliona filimbi ikimtoka mdomoni. Alisimama pale, mvua ikimlowesha, na mimi moyoni nilikuwa nasema: leo atawafukuza, na akiwafukuza sitamsalimu mpaka kufa. Akageuka akarudi nyumbani. Alipotoka tena alikuwa na ile kamba yake ya kuchorea mistari na mambo zake, vigingi vya mti.

Aliwapanga. Hiyo ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumhurumia mtu. Alipima vibanda kwa kamba, akaacha njia za kupita, akaonyesha vyoo vichimbwe wapi. Watu wa juu aliwaweka upande mmoja, wa mabondeni upande wa pili, mstari wa kati ukawa barabara, kwa sababu kichwani mwake uwanja una timu mbili na kila timu ina upande wake. Hilo lilikuwa kosa, tena kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote duniani. Siku chache tu, pande mbili zikawa zinatazamana juu ya mstari ule hasa kama timu, na penye foleni ya maji wanawake wakapigana kwa vidumu. Aliona, akakiri. Akang'oa vigingi, akaanza upya, akawachanganya nyumba kwa nyumba. "Kwa mupira nilikuwa nasema uwanja haina kabila," aliniambia, amechoka, matope hadi magotini. "Kisha mi mwenyewe nikaichora."

Watu wakapata anwani. Ukimwuliza mtoto anakaa wapi, alisema, "Kwa penalti," au, "Winga ya kuume, karibu na choo." Yule bibi mzee aliitwa Mama wa Gori, na mjukuu wake alikuja barazani kwangu kuokota vipande vya vitambaa. Mawe ya madepite hayakuchukua muda. Wanawake walikosa mafiga, na Direkteri mwenyewe ndiye aliyetoka na nyundo. Alipasua jiwe la kwanza, la pili, la tatu, na lile kubwa la saruji lenye maandishi likamtoa jasho. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Leo njo ile mawe inapikia muntu," alisema.

Mahali pamoja alikataa. Duara la katikati alilizungushia kamba, akalifagia, akatangaza kwamba hapo hapajengwi. Watoto waliruhusiwa kuchezea humo mpira wa matambara, basi. Watu waliobanana walilitazama lile duara tupu kwa kijicho, na mimi niliona ni ukaidi wa mzee. Lakini kila nikimwuliza alinijibu kitu kimoja, kwa upole uliokuwa unanikera zaidi kuliko ukali wake wa zamani.

"Pale njo mupira unaanzaka, jirani. Kama iko pale, stade bado iko. Usiweke kitu ingine."

Kipindupindu kiliingia kabla mvua haijaisha. Nesi wa kituo cha afya alikuja, mwanamke kijana mwenye buti za plastiki, akazunguka kambi yote, akarudi akasimama mbele ya kamba.

"Direkteri, mi siombe stade," alimwambia. "Ninaomba fasi ya hema ya wagonjwa. Fasi ingine ya wazi haiko."

"Tafuta ingine, binti yangu."

"Haiko, baba."

"Tafuta."

Alienda kutafuta. Wagonjwa wakaendelea kubebwa hadi kituo cha afya kwa moto na kwa machela ya matawi, njia ikiwa matope matupu, na mjukuu wa Mama wa Gori alikuwa miongoni mwao. Hakufika. Walimrudisha amefunikwa kitenge, na nilikitambua kitenge, nilikuwa nimekishona mimi. Nilipotoka barazani Direkteri alikuwa ameshafika kwenye duara na panga. Alikata kamba vipande vipande, ingawa angeweza kuifungua tu. Alimwonyesha nesi vitanda vikae hivi, ndoo zikae huku, na filimbi akampa yeye, ya kuwaitia wabebaji. Hakulia. Mimi nililia, kwa ajili ya mtoto, na sijui hata leo kama sikulia pia kwa ajili ya lile duara.

Tangu siku ile alikaa. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Mtu aliyeamka kabla ya kuku kwa miaka yote hiyo, sasa aliketi kwenye kiti chake cha kamba, uso ukielekea ukuta. Bibi yake alinijia siku moja, hakuniomba kitu, aliketi tu kwenye kigoda changu.

"Shamba yangu ilikufa juu ya stade," alisema. "Stade ikakufa juu ya bantu. Sasa mi nitalaumu nani, jirani? Uniambie basi, nimulaumu."

Nilimmiminia chai, akainywa yote, akarudi sokoni.

Ndipo ikaja habari ya mechi. Ng'ambo ya ziwa walikuwa wamejenga stade mpya ya taifa, na mataifa yalikuwa yanakuja kushindana humo, timu yetu ikiwemo. Redio ilikuwa haina habari nyingine. Bibi yake akanituma: "Umupeleke kwa siné. Mi nikimuambia hatasikia. We utamukokota." Siné ni chumba cha mabati karibu na soko, benchi mbele, ukuta nyuma, televisheni ndani ya sanduku la nondo. Nilimkokota. Ilikuwa alasiri, jua kali, na mashine ya umeme ilikuwa inanguruma uani.

Nitasema nilichokuwa nakitumaini. Nilitumaini atafurahi. Au akasirike, alie, awatukane madepite wote wanne kwa majina yao. Chochote, mradi arudi yule mtu aliyesimamisha moto kwenye barabara ya Nundu.

Picha ikaja, imepigwa kutoka juu. Majani mabichi yaliyonyolewa, maji yakirushwa juu yake na mabomba ya chuma yaliyozunguka yenyewe, viti vya rangi mpaka huko juu, na paa limewafunika watu wote pande zote. Mistari ilikuwa myeupe sana. Siné nzima ikaguna.

"Direkteri!" kijana mmoja akaita kutoka nyuma. "Stade yako ile!"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Yeye hakugeuka. Lakini niliona kidole chake kinapanda kutoka gotini, kinanyooka kuelekea lile sanduku, na mdomo wake ukaanza kutembea bila sauti. Nilikijua kile kidole. Nikasema moyoni, amerudi, sasa atalisema lile neno lake, na nilikuwa tayari kulisikia mara elfu.

"Jirani," akasema. "Pale familia ngapi inaenea?"

"Angalia mupira," nikamwambia.

"Ninaangalia. Wenye batoto bakae chini ya paa, mvua haifike. Bazee pia. Kwa korna, vyoo. Maji bako nayo, uone vile inaruka." Alikuwa anasema kwa utulivu, kama mwalimu anayepanga madawati. "Pale upande kwa upande usiweke kabila moja. Uchanganye."

Wakati huo timu yetu ikafunga. Watu wote wakasimama, benchi ikaanguka, mtu akanimwagia soda mgongoni, vijana wakakumbatiana na kupiga mabati kwa ngumi. Yeye peke yake aliketi, akiinamisha kichwa huku na huku kuitafuta picha kati ya miguu ya watu. Walipokaa, mpira ulikuwa unarudishwa katikati, na kamera ikaonyesha lile duara, jeupe, tupu, mchezaji mmoja amesimama ndani yake akingoja.

Sijui kwa nini nilimwuliza. Pengine nilitaka nisikie jibu lake la zamani.

"Na pale katikati?"

Alinitazama kana kwamba nilikuwa mtoto wa darasa la tano aliyesahau somo la jana.

"Pale njo fasi ya wagonjwa," akasema. "Usiweke kitu ingine."